Sifa Isiyo na Mwenyewe: Uhakiki wa Tangazo Fiche katika Mazungumzo ya Kiswahili ya Kariakoo na Upanga

Ikisiri

Makala hii inahakiki tangazo fiche, yaani sifa ya bidhaa iliyolipiwa na mfanyabiashara lakini ikatolewa kana kwamba ni ushuhuda wa mwanajamii wa kawaida. Uwanja wa uhakiki ni mazungumzo ya Kiswahili katika makundi ya simu yanayowaunganisha wakazi wa Upanga na maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Makala inatumia mkabala wa Goffman (1981) kuhusu nafasi za msemaji, pamoja na methali na msamiati wa biashara wa Kiswahili chenyewe. Hoja yake ni kwamba kosa la kimaadili la tangazo fiche halimo katika malipo, wala si lazima limo katika uongo kuhusu bidhaa, bali limo katika kumficha mwenye kauli. Makala inaonesha mbinu za kisarufi zinazotumika kumficha, inalinganisha tangazo fiche na sauti za kuazima zinazokubalika katika fasihi, na inapendekeza maswali ambayo mhakiki wa Kiswahili anapaswa kuyauliza matini ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Kariakoo na Upanga ni majirani wanaotegemeana. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndiyo moyo wa biashara ya jumla na rejareja nchini Tanzania. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, lakini biashara ilikuwa imekwisha kulizidi jengo hilo miaka mingi: ipo katika Mtaa wa Kongo, Aggrey, Msimbazi, Narung'ombe na katika kila ukumbi wa ghorofa. Upanga, kwa upande wake, ni eneo la makazi ya ghorofa, shule, nyumba za ibada na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Umbali kati ya maeneo haya mawili ni wa kutembea kwa miguu.

Hata hivyo, mkazi wa Upanga wa leo halazimiki kuutembea umbali huo. Huuliza katika kundi la simu: la wazazi wa darasa, la wapangaji wa jengo, la wanakwaya au la waumini wa msikiti mmoja. Jibu huja, namba ya simu hutolewa, na bodaboda huleta mzigo mlangoni. Badiliko hili lina uzito wa kiisimu kuliko linavyoonekana. Mnunuzi aliyesimama Mtaa wa Kongo hupima kitambaa kwa vidole. Mnunuzi aliyeketi Upanga hupima kauli. Kinachomwongoza si rangi ya bidhaa wala uzito wake, bali ni neno la mtu anayemwona kuwa mwenzake.

Ni katika nafasi hiyo ambapo tangazo fiche hupenya. Mfanyabiashara au wakala wake humlipa mtu, au hujifanya mtu, ili aisifu bidhaa ndani ya kundi bila kusema kwamba sifa hiyo imelipiwa. Taaluma za sheria na masoko zimelijadili jambo hili kwa mizani yao. Makala hii inalitazama kama suala la uhakiki wa matini, kwa sababu tangazo fiche ni utungo: lina mtunzi, lina mhusika, lina hadhira na lina mtindo. Kwa kuwa ni utungo, linaweza kuhakikiwa, na maadili yake yanaweza kupimwa kwa kuchunguza namna lilivyotungwa.

2.0 Mkabala na Istilahi

Goffman (1981) alipendekeza kwamba neno "msemaji" linachanganya nafasi tatu zinazopaswa kutenganishwa. Kuna mpaza sauti, anayetoa maneno kinywani au kidoleni. Kuna mtunzi, aliyeyachagua na kuyapanga maneno hayo. Na kuna mwenye kauli, ambaye msimamo wake ndio unaowakilishwa na ambaye maneno yakileta madhara ndiye wa kuulizwa. Mara nyingi nafasi hizi hukaa kwa mtu mmoja. Wakati mwingine hugawanyika: karani husoma hotuba iliyotungwa na mwandishi kwa niaba ya waziri, na hakuna anayedhani kwamba karani ndiye aliyeamua bei ya korosho.

Mgawanyiko huo si dhambi. Swali la kimaadili huanza pale hadhira inapozuiwa kuuona. Kwa msingi huo, makala hii inatumia istilahi "tangazo fiche" kwa maana ya kauli ya kibiashara ambamo mwenye kauli ni mwuzaji, lakini matini imejengwa ili mpaza sauti aonekane kuwa ndiye mwenye kauli.

Istilahi yenyewe ina mgongano wa ndani ambao ni vema ukatajwa. Kitenzi "tangaza" ni kauli ya kutendesha ya "tangaa", yaani kuenea na kujulikana kwa wengi. Kutangaza ni kulifanya jambo litangae. Katika mofolojia ya Kiswahili, basi, kutangaza kwa siri ni kufanya jambo na kinyume chake kwa wakati mmoja. Bidhaa inatangaa, lakini tendo la kuitangaza halitakiwi kutangaa. Nusu ya tendo imepewa hadhira na nusu imefichwa, na nusu iliyofichwa ndiyo ambayo hadhira ingeihitaji ili kuipima ile iliyopewa.

3.0 Methali za Sifa

Kiswahili hakikusubiri simu ndipo kiifikirie sifa ya bidhaa. Methali tatu zinazofahamika sana zinatosha kuonesha kwamba lugha hii ina nadharia yake ya ushuhuda.

Ya kwanza ni "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuwakejeli wanaojinadi. Kwa ndani inatoa kanuni ya kusoma ishara: juhudi za mwuzaji ni dalili dhidi ya bidhaa yake. Kadiri kitu kinavyotembezwa ndivyo mnunuzi anavyopaswa kujihadhari. Msemo wa kisasa "Biashara matangazo" umeipinga kanuni hiyo waziwazi, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaishi kati ya misemo hii miwili. Tangazo fiche halichagui upande. Hufanya hila ya tatu: hukitembeza kitu huku likikionesha kama kinachojiuza. Mnunuzi anayeijua methali anaona watu wanaulizana wenyewe kuhusu bidhaa na anahitimisha, kwa kufuata hekima ya wahenga, kwamba lazima ni nzuri. Hekima yake ndiyo iliyogeuzwa mtego.

Ya pili ni "Asifuye mvua imemnyea." Methali hii inaweka sharti la ushuhuda. Haisemi kwamba asifuye amesema kweli. Inasema kwamba sifa yenyewe ni dalili ya tajiriba. Wanajamii wamezoea kusikia sifa na kuona nyuma yake mwili ulioloana. Anayelipwa ili aisifu mvua hali yu mkavu hamdanganyi msikilizaji kuhusu mvua peke yake. Anaidhoofisha dalili ambayo jamii nzima inaitegemea, na baada yake hata aliyenyewa kweli hatasadikiwa kwa wepesi.

Ya tatu ni "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Hapa methali inatazama athari ya sifa kwa mwuzaji mwenyewe. Sifa ikitolewa ovyo, mgema hupoteza sababu ya kutunza ubora. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba mgema wa methali alisifiwa na wanywaji, kwa hiyo bado alikuwa na wanywaji wa kumkosoa. Mgema anayejinunulia sifa hahitaji hata kuonja tembo lake: anachohitaji ni fungu la fedha la mwezi ujao la kuwalipa wasifuji.

4.0 Wasemaji wa Kulipwa: Mpiga Debe, Dalali na Mcheza Karata

Ingekuwa makosa kuhitimisha kutokana na methali hizi kwamba Kiswahili kinachukia maneno ya kulipwa. Mitaa ya Kariakoo imejaa watu wanaoishi kwa kuyauza, nao wana majina yanayoheshimika kwa viwango tofauti.

Mpiga debe ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kazi yake ni kuita abiria hadi gari lijae, kisha hupokea ujira kwa kondakta. Anaweza kusema gari linaondoka sasa hivi hali viti nusu ni vitupu. Abiria hukasirika, lakini hasemi kwamba amesalitiwa, kwa kuwa anajua anayesema ni nani na analipwa na nani. Kelele yenyewe ni tamko la kazi. Ndiyo maana "kupiga debe" limekuwa nahau ya kumfanyia mtu kampeni kwa dhahiri: debe haliwezi kupigwa kimyakimya.

Dalali naye anasimama kati ya mwenye mali na mnunuzi, na hula kwa pande zote mbili. Anadhaniwa kuwa mjanja na maneno yake hupunguzwa thamani kabla hayajafika sikioni. Lakini udalali ni cheo kilichotajwa. Mnadi wa mitumba, anayerusha nguo juu huku akiimba bei, anapaza sauti ya mfuko wake mwenyewe na kila mpita njia anajua. Katika aina zote hizi nafasi tatu za Goffman zimegawanyika au zimeungana mbele ya macho ya hadhira.

Kinyume cha hao ni mchezo wa karata tatu, unaojulikana vizuri na wakazi wa jiji. Anayechezesha karata si hatari kuu ya mchezo huo. Kila mtu anamshuku. Hatari imo katika umati. Miongoni mwa wanaotazama wamo washirika wake wanaojifanya wapita njia, ambao hucheza, hushinda na hushangilia. Mgeni hamwamini mchezeshaji, anamwamini mpita njia mwenzake aliyeshinda mbele yake. Mfumo wa udanganyifu haukujengwa juu ya karata bali juu ya kundi: sauti ya mwuzaji imetiwa katika kinywa cha mnunuzi.

Fiqhi ya biashara inayofuatwa na wafanyabiashara Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya historia ya Kariakoo, inaikataza hila iliyo jamaa ya hiyo kwa jina la najshi: mtu asiyekusudia kununua kupandisha bei au kuisifu bidhaa ili kumghuri mnunuzi wa kweli. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katazo hilo halisubiri bidhaa iwe mbovu. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri na bado najshi ikabaki najshi, kwa sababu kilichoghushiwa ni mnunuzi, si kitambaa. Tangazo fiche ni ndugu wa najshi na wa karata tatu. Si mtoto wa upigaji debe, ingawa watetezi wake hupenda kulivika nasaba hiyo.

5.0 Sarufi ya Kujificha

Ili kuonesha jinsi tangazo fiche linavyotungwa, mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya uchambuzi. Hayamhusu mtu wala kampuni yoyote. Yanakusanya mbinu zinazofahamika kwa watumiaji wa makundi ya simu.

A: Jamani wapendwa, mwanangu anasumbuliwa na upele mwezi wa pili sasa. Nani anajua dawa?
B: Pole sana mama. Wa kwangu alikuwa hivyohivyo, nikaelekezwa kimafuta fulani, wiki moja tu akawa safi. Mungu ni mwema.
C: Hicho kimafuta kinaitwaje? Na mimi wa kwangu anajikuna usiku kucha.
B: Jina sikumbuki vizuri, ngoja niangalie kopo. Mimi si mfanyabiashara jamani, kinapatikana Kariakoo. Njooni inboksi niwape namba.

Tuseme A ni mama wa kweli, na B na C wamelipwa. Jambo la kwanza la kutazamwa ni kauli ya kutendwa katika "nikaelekezwa". Kiswahili huruhusu kitenzi cha kutendwa kisimame bila mtenda, na hapa ruhusa hiyo imetumika kumfuta mwuzaji. Aliyeelekeza hayupo katika sentensi. Kiambishi "-ka-" kinaliingiza tukio katika mfululizo wa simulizi, kana kwamba maelekezo yalijitokea tu katika mwendo wa maisha. Kauli ya kutendeka katika "kinapatikana" inamaliza kazi hiyo: bidhaa inapatikana, lakini hakuna anayeiuza. Kati ya vitenzi hivi viwili, biashara nzima imeelezwa bila mfanyabiashara.

Jambo la pili ni umbo la udogo. "Mafuta" yamekuwa "kimafuta", kisha yakafuatwa na "fulani". Kiambishi "ki-" cha udogo huishusha bidhaa hadi kiwango cha kitu cha nyumbani kisichotamba, na "fulani" huliahirisha jina. Tangazo la wazi hulitanguliza jina la bidhaa. Tangazo fiche humwacha mtu aliombe. Hapo ndipo C anapopata kazi. Swali lake ni lile la mpita njia wa karata tatu: linamfungulia A njia na kumwonesha kwamba kuuliza ni jambo la kawaida.

Jambo la tatu ni usawa wa kijamaa. "Wa kwangu" inamweka B katika nafasi ileile ya A, mama mbele ya mama. Fomula ya shukrani kwa Mungu, ambayo inatumiwa na watu wa dini zote mbili kubwa nchini, huyatoa mazungumzo katika uwanja wa biashara na kuyaingiza katika uwanja wa ushuhuda wa imani, ambako ni ufidhuli kudai risiti. Ukanusho "mimi si mfanyabiashara" unafunga mlango wa mwisho. Ikumbukwe kwamba katika matini nzima hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo lazima iwe ya uongo. Mafuta yanaweza kuwa mazuri, na hata mtoto wa B anaweza kuwa aliwahi kupona upele. Uongo umejikusanya katika kauli inayomhusu msemaji.

Hata hivyo, neno lenye uzito kuliko yote ni "pole". Katika matumizi ya Waswahili, pole si taarifa. Ni wajibu unaolipwa mara moja mtu anapotaja shida, na haudai malipo. B anapoitumia pole kama kizingiti cha kuingilia dukani, anaitumia sarafu ya jamii kununulia faida ya mtu mwingine. A hataweza kuitambua hila hiyo kwa kuichunguza pole, kwa kuwa pole ya kweli na ya kulipwa zina umbo moja. Akija kugundua baadaye, atakachokishuku si mafuta tu. Atazishuku pole zote za kundi.

Madhara ya mwilini nayo yapo. Mama anayeahirisha kumpeleka mtoto hospitalini, ilhali Muhimbili iko ndani ya Upanga yenyewe, kwa sababu mama mwenzake amesema wiki moja inatosha, amenyimwa nafasi ya kupima hatari. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na wa dawa na vifaa tiba uko chini ya TMDA. Tangazo la wazi lina mtu wa kuulizwa na taasisi hizo. Ushuhuda wa mama wa kubuni hauna.

6.0 Chawa

Mazungumzo ya Kiswahili cha Tanzania ya miaka ya karibuni yamezalisha neno la kumwita msifuji wa kulipwa: "chawa". Pamoja nalo limekuja nomino dhahania "uchawa". Matumizi haya yalianza kusikika zaidi katika burudani na siasa, kwa kumrejelea mtu anayemsifu msanii au kiongozi bila kukoma kwa matumaini ya kunufaika.

Sitiari hii inastahili kulinganishwa na neno la zamani "mpambe". Mpambe anatokana na "pamba": yeye ni wa kurembesha, na amesimama kando ya anayemrembesha. Chawa hasimami kando. Anaishi juu ya mwili na kula damu yake. Lugha imehama kutoka katika taswira ya pambo hadi taswira ya kimelea. Hata hivyo, katika mazungumzo ya mitandaoni wapo wanaojiita chawa kwa fahari, na kwa kufanya hivyo wanatimiza, bila kukusudia, sharti la uwazi. Chawa aliyejitangaza amerudi katika kundi la mpiga debe: anachekesha au anaudhi, lakini hamdanganyi mtu kuhusu mwenye kauli.

Tangazo fiche linahitaji chawa wa namna nyingine, asiyeonekana, na ambaye mwili anaoukalia si wa tajiri anayemlipa bali ni wa kundi analolihutubia. Hapa sitiari inafichua zaidi ya walivyokusudia walioibuni. Damu inayonyonywa ni imani ya wanakundi wao kwa wao.

Utafiti uliofanywa nchini Kenya unaonesha sura ya kazi hii inapopangwa kwa ukubwa. Ripoti ya Odanga Madung na Brian Obilo, iliyotolewa na Mozilla Foundation mwaka 2021, ilieleza jinsi watu wenye wafuasi mtandaoni walivyolipwa dola 10 hadi 15 za Marekani kwa kampeni ili kusukuma mada zilizopangwa, huku maelekezo yakitolewa katika makundi ya WhatsApp. Kampeni zilizochunguzwa zilikuwa za kisiasa, lakini mashine hiyo haibagui kati ya mgombea na sabuni. Kiasi cha malipo kinaonesha jinsi sauti ya jirani inavyoweza kukodiwa kwa bei rahisi.

7.0 Fasihi na Sauti ya Kuazima

Pingamizi moja linaweza kutolewa na mwanafasihi. Fasihi yote, atasema, ni sauti ya kuazima. "Mimi" wa riwaya si mwandishi. Kama kumficha mwenye kauli ni kosa, basi mwandishi wa riwaya naye ana hatia.

Jibu limo katika mapatano kati ya mtunzi na hadhira. Anayefungua riwaya anajua kwamba mama anayelia katika ukurasa wa kumi hayupo Upanga wala kwingineko, na hatamwomba namba ya simu. Katika tangazo fiche mapatano hayo hayapo, kwani likijulikana kuwa ni utungo linakufa. Hicho ndicho kipimo: utungo wa fasihi huendelea kufanya kazi baada ya hadhira kujua kwamba ni utungo, tangazo fiche haliwezi.

Mfano mgumu zaidi ni wa tamthiliya za redio zenye ujumbe. Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ilikusudiwa kuhamasisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI kupitia visa vya wahusika. Wasikilizaji walipendezwa na wahusika hata wakaiga mienendo yao. Je, hilo nalo si tangazo lililojificha ndani ya hadithi? Kwa kiasi fulani ni kweli kwamba dhamira ya wafadhili haikutangulizwa katika kila kipindi, na mhakiki ana haki ya kuuliza nani aliamua ujumbe. Lakini wahusika hawakudai kuwa jirani wa msikilizaji, redio iliyorusha ilijulikana, na hakuna aliyejipenyeza katika mazungumzo ya faragha ya wanakijiji akijifanya mwenzao. Tofauti ni ya daraja katika suala la dhamira, lakini ni ya aina katika suala la sauti.

Ushairi wa pwani una mengi ya kufundisha hapa. Watunzi wa tendi mara nyingi hufunga utungo kwa kueleza habari za mtunzi, tarehe au idadi ya beti. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga kwa ajili ya binti yake, anaacha mwaka wa Hijria 1275, sawa na takriban 1858. Desturi hiyo kwa kawaida huelezwa kama kanuni ya umbo. Inafaa isomwe pia kama kanuni ya maadili: anayetoa mawaidha huacha alama ya kumfuatilia. Muyaka bin Haji naye alijulikana kuwa upande wa Wamazrui wa Mombasa. Mashairi yake yalikuwa na upande, na upande huo haukuhitaji kufichuliwa na mpelelezi.

Katika tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), suala la mwenye kauli ndilo kiini cha msiba. Kinjeketile anatoa neno likiwa na nguvu isiyo yake, kisha neno linakua hadi linamzidi. Mwishoni anatakiwa alikane mbele ya Wajerumani, naye anakataa, ijapokuwa anajua kukataa kutamgharimu. Anabeba neno ambalo hana uhakika kwamba ni lake. Msemaji wa tangazo fiche ni kinyume chake kamili: anatoa neno analojua si lake, na amelipwa ili asilibebe.

8.0 Sheria na Mipaka Yake

Mataifa kadhaa yameyatungia sheria mambo haya. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2005 kuhusu biashara zisizo za haki ulimkataza mfanyabiashara kujionesha kwa uongo kuwa ni mlaji. Nchini Marekani, mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilirekebisha miongozo yake ili anayeisifu bidhaa mtandaoni aeleze uhusiano wake na kampuni. Mwaka 2013 mamlaka ya ushindani ya Taiwan iliitoza faini kampuni ya Samsung kwa sababu ya watu waliolipwa kuisifu na kuiponda HTC, mshindani wake, huku wakijifanya watumiaji wa kawaida. Miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, mwaka 2002, Sony Ericsson ilikuwa imewatumia waigizaji waliojifanya watalii katika miji ya Marekani, wakiwaomba wapita njia wawapige picha kwa simu yake mpya. Hila ya karata tatu, basi, si ya wahuni wa mtaani peke yao.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara na kusimamiwa na Tume ya Ushindani. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, na zile za 2020 zilizofuata, zilijulikana zaidi kwa masharti ya leseni kwa watoa maudhui. Leseni inajibu swali la nani anaruhusiwa kusema. Tangazo fiche linazua swali jingine: aliyesema amesema kwa niaba ya nani?

Hata sheria ikiwa kali, kundi la wazazi thelathini ni dogo mno kwa mkono wa serikali, na si vema mkono huo ukafika huko. Zaidi ya hayo, sheria isiyopambanua inaweza kumwumiza asiyestahili. Mama wa Upanga anayeuza vitenge kwa jina lake, na kuwaambia wenzake kwamba mzigo umefika, ni mnadi halali hata kama sifa zake zimezidi chumvi. Uchuuzi huo ndio unaolipa ada za shule katika nyumba nyingi. Kipimo cha mwenye kauli kinamlinda: yeye ni mpaza sauti, mtunzi na mwenye kauli kwa pamoja, na bidhaa ikiharibika anajulikana anakaa ghorofa ya ngapi.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba msamiati wa Kiswahili unapambanua vizuri kati ya maneno ya kulipwa yanayovumilika na yale yasiyovumilika, na kwamba mstari wa mpaka haupiti kwenye malipo bali kwenye maficho. Mpiga debe, dalali na hata chawa aliyejitangaza wako upande mmoja. Mshirika wa karata tatu, mtenda najshi na msemaji wa tangazo fiche wako upande mwingine.

Matokeo haya yanawahusu wanataaluma wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, mtafiti anayekusanya mazungumzo ya mitandaoni kama data ya lugha ya kila siku anaweza kuwa anakusanya lugha iliyotungwa ofisini kuiga lugha ya kila siku. Anayechunguza matumizi ya pole, ya kauli ya kutendwa au ya viambishi vya udogo anapaswa kuuliza kwanza kama msemaji wake yupo. Pili, kuandika tangazo fiche ni kazi inayohitaji ustadi wa lugha: sikio la mtaa, ujuzi wa majina ya heshima, wepesi wa simulizi. Hizo ndizo stadi zinazofundishwa katika madarasa ya isimu na fasihi, na mhitimu anaweza kutakiwa kuziuza kwa kazi hiyo. Somo la mtindo lisiloambatana na swali la mwenye kauli linamwandaa nusu.

Kwa hiyo, matini inayosifu bidhaa iulizwe maswali matatu. Je, imemnyea asifuye? Je, vitenzi vyake vimemfuta nani? Je, ingebaki na nguvu kama ingetanguliwa na sentensi "Nimelipwa kusema haya"? Sentensi hiyo ni fupi, inaeleweka na watu wote, na haihitaji istilahi mpya. Tangazo linaloweza kuibeba lina haki ya kuingia kundini kama mpiga debe anavyoingia kituoni. Lisiloweza kuibeba linaishi kwa mtaji ambao haukuwa wa mfanyabiashara hata mara moja, yaani zile pole ambazo wanakundi walipeana bure.